Kitufe cha Mto Lim

Fundi Nedeljko alikuja na mashine mpya wiki ya mvua, akaishusha garini mwenyewe huku kashika kiuno, na neno la kwanza alilomwambia Stamenka lilimkera mpaka rohoni. Alimwambia, "Dada, wewe ifundishe mara moja tu. Baada ya hapo mtabonyeza kitufe kimoja, mambo yatajipeleka yenyewe."

Yajipeleke yenyewe! Zaidi ya miaka ishirini Stamenka amekaa mbele ya meza ya kuchanganyia picha katika kituo kidogo cha televisheni cha mji wao kando ya mto Lim, ghorofani, juu ya duka la viatu lililofungwa zamani. Kamera hii aitoe, ile aiingize, picha ya bibi harusi aizungushe, jina alipachike chini, na wimbo ukianza auvute ule mkono wa meza taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Hakuna kilichowahi kujipeleka. Lakini alikuwa anastaafu, na mkurugenzi wao, Ferid, alikwisha kata shauri kwamba nafasi yake haijazwi. Mirsada, mwanamke wa sauti, atahamia kiti cha katikati, sauti mkono huu, picha mkono ule. Na ili aweze, yote aliyoyafanya Stamenka kwa vidole vyake ilibidi yatiwe ndani ya vitufe.

Kitufe cha namna hiyo fundi alikiita makro. Unaiambia mashine ikutazame, wewe unafanya kazi yako kama siku zote, nayo inashika kila hatua: ulianza na kipi, ulingoja kiasi gani, mkono uliuvuta kwa kasi ipi. Ukimaliza unakipa kitufe jina. Siku ya kazi unakigusa tu, na mashine inairudia kazi yako ile ile, bila kukosea na bila kuwaza.

"Bila kuwaza," Stamenka alirudia, akaenda kupika kahawa.

Kipindi chenyewe kilikuwa Salamu na Matakwa, cha Jumapili alasiri. Siku hizi vijana wote wako Vienna, na nusu ya nyumba za mtaa wa juu zina makufuli. Lakini zamani, jamani, zamani kikianza kipindi kile ungeweza kulala katikati ya daraja usikanyagwe na mtu. Watu walikuwa wamekwisha kula, kahawa iko mezani, kelele zote chini. Nani kaoa, nani kajifungua, nyumba ipi inasherehekea mtakatifu wake, nani anawatakia jirani zake Idi njema. Na mwisho kabisa, baada ya wimbo wa pole, marehemu: huyu kafikisha arobaini, yule mwaka. Mtangazaji tangu siku ya kwanza alikuwa Vukoman, mwanamume mrefu, suti moja ya kijivu, tai ya rangi ya divai, na sauti iliyowafanya wanawake wa soko la mboga wamsamehe chochote. Nyuma yake lilining'inia pazia la mahameli ya kahawia ambalo mkewe Darinka alilishona kwa mkono, Mungu amrehemu. Pazia bado lilikuwepo. Darinka ndiye hayupo.

Basi fundi na Stamenka wakakaa, wakawa wanavijaza vitufe kimoja kimoja. Ndoa: pete mbili zinazunguka, maharusi wanatokea katikati. Mtoto: ukurasa unafunuka kuanzia kona. Idi: mwezi mwandamo. Marehemu: moyo mwekundu unaokua polepole mpaka sura ya mtu inaenea ndani yake. Hapo Nedeljko akasimamisha mkono. Akasema kwa upole kwamba wamechanganya, moyo huo bila shaka ni wa harusi.

"Harusi ni pete," Stamenka alisema.

"Na maiti apewe moyo?"

"Kwetu ndiyo. Tena ukimnyima, watakuja hapa na fimbo."

Ikabidi amhadithie. Ilikuwa masika ya kwanza ya kituo. Meza ile ya zamani ilinunuliwa mkono wa pili, ikitoa joto na harufu ya vumbi lililoungua, na ilikuwa na kumbukumbu chache za madoido ambazo Stamenka alizihifadhi kwa namba kichwani. Siku hiyo walikuwa na harusi nyingi mfululizo, moyo, moyo, moyo, kila bibi harusi anachanua ndani ya moyo. Kisha ikaingia zamu ya marehemu Milisav wa kiwanda cha mbao, arobaini yake, picha ya kitambulisho, masharubu hayo na jicho la hasira. Kidole cha Stamenka, kwa mazoea, kikaenda kwenye namba ile ile. Mji mzima ukamwona Milisav, mtu ambaye hata mbwa wake alimwogopa, akichomoza ndani ya moyo mwekundu unaodunda.

Stamenka aliganda. Alikuwa mgeni kazini, na mume wake wakati huo hakuwa na kazi. Akamwona Vukoman upande wa pili wa kioo cha studio akiitazama skrini ndogo pembeni yake. Hakupepesa jicho. Akaigeukia kamera, akasema kwa sauti ile ile ya pole, "Wa nyumbani mwake wanamweka moyoni, na leo tunamwonyesha pale pale anapokaa."

Jumatatu asubuhi mjane Jevrosima alipanda ngazi za kituo. Stamenka alipomwona alijua kazi imekwisha. Kumbe mama wa watu kabeba sinia la heljdopita, ile pai ya kwetu ya jibini, bado la moto, na anachotaka ni kuiona tena ile picha, arudishiwe aitazame. Aliitazama analia na kucheka. Alisema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mumewe amependeza namna ile. Wiki iliyofuata familia nyingine ikaomba marehemu wao apewe moyo kama wa Milisav. Kisha nyingine. Kisha Waislamu wa ng'ambo ya mto nao wakasema, wafu wetu wana kasoro gani? Haukupita mwaka, moyo ukawa wa wafu, na mabibi harusi wakaukimbia, mpaka Stamenka akalazimika kukesha kutunga hizo pete.

Nedeljko alicheka mpaka akashika kiuno tena. Akauliza kama yule mtangazaji alimtania sana baadaye.

Hapana. Na hilo ndilo Stamenka hakulisahau. Siku ile kipindi kilipokwisha alishuka studio, akamwambia Vukoman hajui amshukuru vipi. Vukoman alikuwa anavaa koti. Akamtazama kama mtu asiyeelewa anachoambiwa, akasema, "Kwani kulitokea nini?" Tangu siku hiyo hakulitaja, si kwa utani, si kwa ulevi wa rakija usiku wa mwaka mpya, si mbele ya mkewe. Wako watu wa kukusitiri halafu wakakudai sitara yao kila Ijumaa. Vukoman hakuwa wa kabila hilo.

Kilichobaki Stamenka hakumwambia fundi, si siku ile.

Kilichobaki ni hiki. Desemba iliyopita, wakati wa sherehe za Mtakatifu Nikola, Vukoman alikuwa anasoma salamu za familia moja ya mtaa wa stesheni, akasimama katikati ya jina. Karatasi anayo mkononi. Macho yako kwenye karatasi. Sauti haiji. Uso wake ukawa wa mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Stamenka hakufikiri. Juu ya paa walikuwa na kamera ya hali ya hewa, inayoutazama mto Lim na daraja. Akaivuta picha hiyo juu ya uso wa Vukoman kwa upole, akatia muziki, akangoja. Mto ukapita. Baadaye akamwona, nyuma ya kioo, akiinua mkono na kugusa fundo la tai. Hiyo ilikuwa ishara yao tangu zamani: akigusa fundo, maana yake niko tayari, twende mbele. Akaurudisha uso wake hewani, na Vukoman akaendelea kama vile mto ulikuwa kwenye ratiba.

Ikatokea tena. Kufika kwaresima ilikuwa kila Jumapili, pengine mara mbili katika kipindi kimoja. Kidude cha sikioni Vukoman alikuwa amekivua, maana sauti ya mtu sikioni ilimvuruga zaidi, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kumnong'oneza. Palikuwa na mto tu. Watazamaji walidhani ni pambo jipya. Mwanamke mmoja wa Vienna alipiga simu kushukuru, akasema akiuona Lim anajihisi yuko kwa mama yake. Ferid alinung'unika kwamba maji yamezidi. Stamenka akamjibu kuwa maji hayajawahi kumwua mtu kwa televisheni.

Sasa yeye anaondoka. Na Vukoman anaishi peke yake juu ya duka la dawa, binti yake yuko mbali, na wiki yake yote ni ngazi za kuelekea Jumapili. Siku akikwama hewani na mashine isiyowaza, ikimwachia uso wake wazi mji mzima uutazame, hatapanda ngazi zile tena. Stamenka alilijua hilo kama anavyojua nyumba yake gizani. Alikuwa hali chakula vizuri kwa ajili hiyo.

Siku ya mwisho ya fundi akajikaza, akamwomba kitufe kimoja zaidi: Lim iingie taratibu, muziki upande, ibaki hapo mpaka kiguswe tena.

Nedeljko akauliza kiwekwe baada ya salamu ipi.

"Popote. Hakina mahali pake."

"Dada, mashine lazima ijue lini."

"Haiwezi kujua."

Fundi alikuwa ametazama kanda za miezi mingi ili ajifunze kazi yao, na hakuwa mjinga. Akasema polepole, "Mzee anasahau." Halafu akaongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba labda hisani iliyo kubwa ni kumwambia apumzike.

Hapo Stamenka aliwaka. "Maradhi hajayaficha mtu. Daktari anayajua, binti yake anayajua, na yeye mwenyewe anayajua kuliko wewe. Mimi namfichia aibu. Aibu si ugonjwa, fundi, hakuna anayepona kwa kuonyeshwa."

Nedeljko akageukia mashine, akaanza kazi. Alikiweka kitufe kwenye kona ya chini kulia, mahali ambapo kiganja hupumzika chenyewe, akakitia rangi ya buluu. Alikijaribu mara nyingi kuliko vile vingine vyote. Akauliza tu nani atakibonyeza.

Swali hilo ndilo lililokuwa linamnyima Stamenka chakula. Alimfuata Mirsada kwenye ukumbi, alikokuwa anavuta sigara dirishani, akaanza kuzunguka: unajua, mambo ya hewani, mtu huchoka, pengine itatokea siku moja... Mirsada alimwacha azunguke mpaka akachoka. Kisha akazima sigara.

"Stamenka, dada yangu, kila ukiuleta mto, kipaza sauti cha Vukoman kinashuka, hewani hasikiki akihema wala akiuliza yuko wapi. Ulidhani kinashuka chenyewe?"

Miezi yote hiyo wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zilikuwa mbili. Wakashikana palepale ukumbini, wakalia, wakacheka, na Ferid alipopita akauliza nani amekufa.

Jumapili ya mwisho ikafika na jua. Lim ilikuwa imejaa maji ya theluji iliyoyeyuka milimani. Stamenka alivaa blauzi yake ya sherehe ingawa haonekani na mtu, akaketi mbele ya mashine mpya, na kwa mara ya kwanza kipindi kikaenda kwa vitufe. Pete zikazunguka zenyewe. Ukurasa ukafunuka wenyewe. Moyo ukakua kwa kasi ile ile aliyoufunza mkono wake tangu masika ya Milisav, na aliona ajabu kukaa mikono mapajani akiutazama mkono wake ukifanya kazi bila yeye. Ilimuuma, tuseme ukweli. Ilimuuma na ilimpendeza, maana yule marehemu wa leo, bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, alikuwa amependeza sana moyoni mwake. Vukoman alisoma vizuri kutoka mwanzo. Hakusita hata mara moja. Kitufe cha buluu kilikaa bila kuguswa, na Stamenka akaanza kupumua kama watu.

Kisha, kabla ya wimbo wa mwisho, Vukoman akaiweka karatasi mezani akaifunika kwa kiganja.

"Nina salamu moja ambayo sijaiandika," alisema. "Salamu hii nisingeweza kuisoma."

Mirsada akamgeukia Stamenka haraka. Haikuwa kwenye ratiba.

Vukoman alisema yuko mwanamke ambaye mji huu haujawahi kumwona, na kila walichokiona wamekiona kwa mkono wake. Akasema watoto wao walizaliwa mkononi mwake wakaolewa mkononi mwake, na wazee wao aliwapa moyo. Akasema mtu akisimama mbele ya kamera anadhani anatazamwa na maelfu, lakini yeye miaka yote hii ametazamwa na mmoja, na kwa sababu ya huyo mmoja hakuwahi kuogopa. Aliyasema bila kusita, kwa sauti ile ya soko la mboga, kama zamani, kama Darinka yuko nyumbani amewasha televisheni. Stamenka aliona skrini zote zimelowa, akajua ni macho yake.

"Leo ni siku yake ya mwisho," alisema Vukoman. "Anaitwa..."

Akasimama.

Akainua macho kwenye kioo. Alimtazama Stamenka sawasawa, akitabasamu bado, na Stamenka akaona tabasamu likimtoka taratibu usoni. Alimjua. Hilo lilionekana wazi, alimjua ndani na nje. Jina ndilo halikuwepo.

Mirsada alikwisha shika sauti. Hakugusa kingine, kwa kuwa kiti cha katikati kilikuwa bado na mwenyewe. Na Stamenka, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kuchelewa, siku hiyo alichelewa. Alitaka alisikie. Jina lake tu, kwa mdomo ule, mara moja, mbele ya watu. Miaka yote Vukoman ametaja majina ya mji mzima, la Stamenka hajawahi. Labda lilikuwa njiani. Labda akimwachia pumzi moja zaidi litafika. Aliiona midomo yake ikilitafuta, ikijaribu herufi ya kwanza, ikiiacha. Nyumbani kwa watu vikombe vya kahawa vilikuwa vimeanza kushushwa mezani.

Akashusha kiganja juu ya kitufe cha buluu.

Lim ikaingia kwa upole, ikamfunika. Maji ya kijani, povu chini ya daraja, mtu na baiskeli yake akivuka bila haraka. Muziki ukapanda. Mashine haikukosea hata kidogo. Nyuma ya kioo Vukoman alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika ukingo wa meza, na Stamenka alimtazama hivyo peke yake, ili asitazamwe na mwingine. Mto ukapita kuliko siku zote. Hatimaye mkono ukainuka, ukagusa fundo la tai.

Akamrudisha hewani.

"Mwenyewe anajijua," Vukoman alisema, na wimbo ukaanza.

Taa nyekundu ilipozimika Mirsada alifunika macho yake kwa viganja. Stamenka alishuka ngazi, akachukua koti la mvua la Vukoman lililokuwa msumarini, akamshikilia avae. Alikuwa mwepesi siku hizi, mabega yote mifupa. Alihangaika na mkono wa koti, kisha akauliza bila kumtazama, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtazamaji aliyewahi kuisikia:

"Kuna mahali niliharibu, sivyo? Pale mwishoni."

Stamenka alimkunjia ukosi wa koti vizuri.

"Kwani kulitokea nini?" alisema.

Vukoman akageuka, akamtazama muda mrefu. Hakumwita kwa jina. Akainua mkono, akagusa fundo la tai, na Stamenka akamfungulia mlango.